Rangi Inayokula Vidole

Mkono wa Agnetha bado uko mezani, msomaji, pale pale ulipouacha juma lililopita. Uko juu ya taulo nyeupe katika saluni ya Mbuke, hapa Maganzo. Vidole vimevimba, kucha mbili zimebanduka nusu, na ngozi ya pembeni inatoa maji. Na Kalisti, dalali wa almasi, bado amesimama mlangoni akiziba mwanga kwa mwili wake mnene.

"Nimekuuliza swali," Kalisti alisema. "Umempaka nini binti huyu?"

"Gel," Mbuke alijibu.

"Gel ni nini?"

"Rangi ya kucha. Inakaushwa kwa taa."

"Hilo hata mbuzi wangu analijua. Ndani yake kuna nini?"

Huyu ndiye Mbuke aliyewacheka vijana wanaozunguka mitaani na vikapu vya rangi, akiwaita mafundi wa kupaka uzio. Ndiye aliyewaambia wateja kwamba kwake wanakutana na utaalamu, si bahati nasibu. Leo ameulizwa swali la mtoto wa chekechea, na jibu hana.

Akanyakua kichupa rafuni. Kilikuwa kizuri, cheusi, chenye herufi za dhahabu: QUEEN V. Chini ya jina hilo palikuwa na maneno machache tu. Salama asilimia mia moja. Haina kemikali.

Kalisti alikipokea, akakisogeza karibu na jicho kama anavyokagua jiwe.

"Haina kemikali," alisoma. "Sasa ina nini? Maombi?"

Wateja waliokuwa wakisubiri foleni wakaangua kicheko. Mbuke alihisi masikio yakiwaka moto.

Agnetha hakucheka. Kazi yake ilikuwa kumchambulia Kalisti mawe. Mchanga humwagwa mezani, naye kwa ncha za vidole na kikoleo hutenga almasi na kokoto zisizo na maana. Maganzo nzima ilijua kwamba vidole vya Agnetha vinaona kuliko miwani ya mabosi.

"Dada Mbuke," alisema kwa sauti ndogo, "juzi nilishika jiwe, sikulisikia. Lilianguka, sikujua. Wakaniambia nimelificha."

Hapo kicheko kilikatika.

"Nimewaambia hakuficha," Kalisti alisema. "Lakini mimi ni mmoja, wanaosema ni wengi. Haya, tokeni wote nje."

Fremu ile ya saluni ilikuwa mali ya Kalisti. Wateja walitoka na taulo zao kichwani, mmoja nywele zikiwa zimesukwa upande mmoja. Kalisti akavuta mlango, akatia kufuli lake mwenyewe.

"Baba Sele, nitaishije?" Mbuke alimwita kwa jina la mwanawe, apate kumlainisha.

"Utafungua siku utakayoniambia kilichomo ndani. Sikusema siku utakayoniambia ni salama. Salama naisikia kila siku kwa wanaoniletea vioo wakisema ni almasi."

Akaondoka. Agnetha akabaki barazani, mikono juu ya magoti, ameitenga na nguo yake kana kwamba si mikono yake.

*

Mbuke aliketi pembeni yake, akafungua simu. Alikuwa mwanachama wa kundi moja la WhatsApp la mafundi wa kucha wa Kanda ya Ziwa. Kiongozi wa kundi alijiita Profesa. Uprofesa huo aliupata wapi, hakuna aliyewahi kuuliza.

Mbuke alituma picha ya vidole, akauliza.

Majibu yalimwagika kama wali wa msibani.

Wa kwanza akasema apake ndimu na chumvi. Wa pili akasema mteja ana damu chafu, anywe mwarobaini. Wa tatu akaeleza kwa kujiamini kabisa kwamba gel mbaya ni ile inayonuka, isiyonuka haina shida. Wa nne akaapa kwamba gel zote duniani ni saratani, hata kuzisogelea tu, na mwisho wa ujumbe akaweka namba ya simu: yeye anauza hina.

Mbuke akasonya. Kila mtaalamu alikuwa na duka nyuma ya ushauri wake!

Akaandika: "Kuna hata mmoja wenu aliyewahi kusoma kilichomo ndani ya gel anayopaka watu?"

Kisha mtu akatuma picha ya ua waridi lenye maneno ya kutakiana mchana mwema. Kisha Profesa mwenyewe akaandika kwamba kundi ni la kujengana, halitaki uchochezi. Mbuke alipojaribu kujibu, simu ikamwambia si mwanachama tena.

"Wamesemaje?" Agnetha aliuliza.

"Wametuma ua."

Ilibaki kumpigia mwenye mali. Madamu Violeth wa Katoro ndiye aliyekuwa akisambaza Queen V kuanzia Geita mpaka Shinyanga. Kwenye video zake aliongea Kiswahili cha kuvutavuta, akitaja Dubai kila baada ya sentensi moja, na kuwaita watazamaji wake vipenzi.

"Kipenzi," sauti ya Madamu ilisema, "huyo mteja wako anaosha vyombo?"

"Anaosha, kama binadamu wengine."

"Basi ni sabuni. Kazi yake nini?"

"Anachambua mawe."

"Ehee! Ni mawe hayo. Mtu anashika mavumbi kutwa nzima halafu anasingizia bidhaa ya kimataifa?"

"Madamu, nataka kujua kilichomo tu."

"Nakutumia cheti cha usalama. Na siku nyingine, mteja wa aina hiyo mpake rangi ya kawaida. Queen V si ya kila mkono."

Cheti kikaingia. Kilikuwa na mhuri, taji, nyota, utepe wa dhahabu na saini iliyojikunja kama nyoka. Mbuke alipumua. Akamshika Agnetha mkono juu ya kiwiko, pasipouma, wakapanda gari kwenda Kolandoto, hospitalini.

*

Daktari Bernadina alikuwa mama wa makamo, mwenye macho ya kuchoka na ulimi usiochoka.

"Shikamoo daktari," walisema pamoja.

"Marahaba. Lete mikono."

Aliigeuza, akaikagua kucha moja moja, akauliza ilianza lini, ilikuwaje, kama taa ya kukaushia ni ile iliyokuja na gel. Mbuke akasema taa aliinunua kwingine, ya bei nafuu.

"Huu ni mzio," daktari alisema. "Si uchafu, si mawe. Mwili umekutana na kitu, umekikataa. Kwenye hizi gel mara nyingi mshukiwa ni kiambato kinachoitwa HEMA, kile kinachosaidia rangi ing'ang'anie kucha. Taa isipoikausha rangi vizuri, au rangi ikigusa ngozi, ngozi inaweza kuanza kupigana nayo. Na mwili ukishaanza ugomvi huo, kwa kawaida hausahau."

"Nitapona?" Agnetha aliuliza.

"Vidole vitapona tukiviacha vipumzike. Lakini lazima nijue umekutana na nini hasa, maana kuna mpaka dawa za kuzibia meno zenye viambato vya ukoo huo. Siku utakapokwenda kwa daktari wa meno, lazima umwambie. Sasa hiyo gel ina nini?"

Mbuke akatoa simu kwa fahari, akaonyesha cheti.

Daktari alikisoma. Akakisoma tena. Midomo yake ikaanza kutetemeka, na Mbuke akadhani ni habari mbaya. Kumbe daktari alikuwa anazuia kicheko.

"Mama, umekisoma hiki?"

"Kina mhuri."

"Hata muhogo wa kuchonga unapiga mhuri. Kinasema: Tuzo ya Bidhaa Bora ya Mwaka. Imetolewa na nani? Queen V. Amepewa nani? Queen V. Huyu mwanamke amejivika taji mwenyewe, akajipigia makofi, akakutumia picha!"

Mbuke alitamani sakafu ya hospitali ipasuke.

"Nisikilize," daktari alisema, sasa bila kicheko. "Anayekwambia gel zote zinaua anakudanganya. Anayekwambia haina kemikali anakudanganya zaidi, maana hata maji ni kemikali. Usiwasikilize hao wawili. Nataka maneno ya kiwanda: majina ya viambato, jinsi walivyoyaandika wenyewe. Mtengenezaji wa kweli huyaandika kwenye chombo, na ukimwomba maelezo ya usalama anakupa. Majina hayo nikiyapata, nitayatafuta kwa mamlaka zinazopima vitu hivi, si kwa wauzaji. Kuna kimoja, TPO, cha kusaidia rangi ikauke kwa taa, wenzetu wa Ulaya wamekwisha kukiondoa kwenye vipodozi. Si kwamba kila aliyekipaka ataumwa. Lakini mtu ana haki ya kujua anapaka nini. Niletee majina."

"Na asiponipa?"

"Hapo atakuwa amekujibu."

*

Mbuke hakupiga simu tena. Alimrudisha Agnetha kwa mama yake, akafunga khanga kiunoni, akakata tiketi ya Katoro.

Duka la Madamu Violeth lilikuwa limetazamana na soko. Vioo kila ukuta, manukato ya kukaba koo, kochi la rangi ya waridi. Juu ya kochi picha kubwa ya Madamu akiwa amevaa taji. Mbuke alilitambua taji lile kutoka kwenye cheti.

Madamu mwenyewe alitoka nyuma ya pazia, wigi mpaka kiunoni. Mbuke akamtazama vidole kabla ya uso. Kucha zake zilikuwa fupi, safi, tupu. Hazikuwa na tone la rangi.

"Mbona zako hujapaka?" Mbuke aliuliza hata kabla ya salamu.

"Mimi mfanyabiashara, kipenzi, si mteja. Mwenye duka la pombe lazima alewe?"

"Mimi ni Mbuke wa Maganzo. Nimekuja kuchukua majina ya viambato."

Madamu alimkagua kuanzia kandambili mpaka kilemba, taratibu, akarudi tena kwenye kandambili.

"Umetoka Maganzo kote huko kwa ajili ya vidole vya mchambua kokoto? Mnaniaibisha. Watu wa miji yenu mnataka kung'aa, lakini ngozi zenu zimezoea jembe. Sawa, nina huruma. Nitakupa ile ya daraja la kwanza. Imeandikwa wazi kabisa: haina HEMA. Bei yake imechangamka kidogo, lakini si unataka usalama? Kaa hapo."

Akaingia nyuma ya pazia.

Madamu alikosea jambo moja. Mtu aliyefungiwa saluni yake hakai kwenye kochi la waridi kusubiri huruma. Mbuke aliinuka, akalifunua pazia, akaingia.

Mwanga wa chumba kile ulikuwa hafifu. Mabinti walikuwa wamezunguka beseni la plastiki, kila mmoja na bomba la sindano mkononi, wakivuta rangi na kujaza vichupa. Beseni moja. Rangi moja. Mezani palikuwa na mafungu matatu ya lebo. Fungu moja: Queen V ya kawaida. Jingine: Queen V ya kitaalamu. Na la tatu, lenye picha ya jani la kijani: Haina HEMA.

Madamu alikuwa ameinama, anabandika jani la kijani kwenye kichupa kilichojazwa sasa hivi.

"Hiyo ndiyo ya daraja la kwanza?" Mbuke alisema.

Madamu aligeuka. Kwa sekunde moja uso wake ulikosa pa kwenda. Kisha dharau ikarudi mahali pake.

"Nani kakuruhusu kuingia?"

"Beseni moja, Madamu! Majina matatu!"

"Ndiyo, beseni moja. Kwani wewe nyumbani huchoti chai ya wageni na chai ya watoto kwenye birika moja?" Akacheka. "Nani atajua, Mbuke? Nani anasoma? Mnanunua herufi za dhahabu. Hata wewe hukusoma mpaka mtu alipokufungia mlango."

Neno hilo lilimwingia Mbuke mpaka kwenye mfupa, kwa sababu lilikuwa kweli. Lakini kweli ikitoka kwenye kinywa kama kile inatia hasira kuliko uongo.

Macho yake yakaangukia kona. Palikuwa na kopo kubwa la bati, ndilo lililomiminwa kwenye beseni. Ubavuni mwake mlikuwa na lebo ya kiwanda, nyeupe, isiyo na taji wala ua. Maandishi madogo, yamepangwa. Mbuke hakuelewa nusu ya yale maneno marefu, lakini herufi nne alizitambua. HEMA. Zilikuwa za pili kutoka juu. Chini zaidi, nyingine tatu. TPO.

Na pembeni, kwa Kiingereza ambacho hata darasa la Mbuke lilikifikia, onyo: ngozi isiguswe.

Akatoa simu, akapiga picha. Mara ya pili akapiga kopo, beseni na lebo kwa pamoja.

"Weka simu chini," Madamu alisema.

"Nimekuja kuchukua majina. Nimeyachukua."

"Tuongee kama watu wazima. Nakupa uwakala wa Maganzo yote. Mwadui yote. Utaniletea wateja, utakaa kwenye kochi lako mwenyewe. Yule binti atapona, atasahau."

"Amesema daktari mwili hausahau."

"Daktari!" Madamu alitema neno hilo. "Daktari amevaa viatu gani?"

Mbuke alimtazama. Alikuwa amemwogopa mwanamke huyu kwenye simu, akamhusudu kwenye video. Sasa alimwona alivyo: mtu aliyenunua wigi ili apate mahali pa juu pa kusimama awadharau watu.

"Baki na Maganzo yako na Mwadui yako," alisema. "Mimi kwenye beseni lako sioshei hata miguu."

Akatoka, kidole kikiwa tayari kimetuma picha kwa Daktari Bernadina. Alipofika barazani, simu ikaita.

"Nimeona," daktari alisema haraka. "HEMA ni ya pili kutoka juu, ni nyingi. Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Agnetha asiguse tena gel ya namna hii. Nitaandika, na nitawapelekea wanaohusika na vipodozi. Lakini Mbuke, hiyo picha ya lebo ya kijani, una maana inauzwa kwa watu waliokwisha kupata mzio? Wanaokimbilia hapo kwa usalama?"

"Ndiyo, daktari."

"Basi usiipoteze hiyo picha," daktari alisema.

Nyuma ya Mbuke, mlango wa kioo ukagonga ukuta.

"Mwizi!" Madamu Violeth alipiga yowe. "Mwizi! Kaniibia simu! Mkamateni!"

Msomaji, Katoro neno hilo halisubiri ushahidi. Wachimbaji waliokuwa wakinywa chai waliacha vikombe. Wapakizi wa magunia waliacha magunia. Bodaboda zikazimwa. Watu wakaja kutoka pande zote, na kila mmoja njiani akaokota kitu.

Miguu ya Mbuke ilimwambia kimbia. Akili ikamwambia, ukikimbia umekwisha. Akasimama, akainua simu juu.

"Simu ni yangu!" alipaza sauti. "Niulizeni namba ya siri! Niulizeni majina ya wanangu! Anaogopa picha zilizomo! Ingieni nyuma ya pazia muone kinachowala wake zenu vidole!"

"Muongo huyo!" Madamu alipiga kelele. "Mshamba wa vijijini! Mtamsikiliza yeye mniache mimi?"

Jamaa mmoja mwenye tope mpaka magotini alimkamata Mbuke ukosi wa gauni. Mwingine akainua jiwe. Mbuke alifumba macho.

"Mwache huyo mwanamke!"

Sauti ilikuwa ya kike, nene, iliyozoea kushindana na upepo wa ziwa. Umati ukapasuka kidogo. Akapita mama mmoja mnene, ana magamba ya dagaa kwenye khanga, beseni lake kichwani. Alilitua chini taratibu, katikati ya watu, kama mtu asiye na haraka hata kidogo. Akamwondoa mchimbaji yule kwenye ukosi wa Mbuke kama anavyoondoa nzi kwenye samaki.

"Umesema kitu kinachokula vidole," alimwambia Mbuke. "Kinakulaje?"

Mbuke alifungua picha ya mkono wa Agnetha, akamwonyesha.

Yule mama aliitazama. Kisha akainua mikono yake mwenyewe, watu wote waione. Kucha zilikuwa nyekundu, zinang'aa, zimepakwa vizuri. Kuzizunguka, ngozi ilikuwa imechanika, mbichi, inatoa maji.

Mwenye jiwe alilishusha.

Barazani, wigi la Madamu Violeth lilikuwa limemteleza, na mkono wake haukwenda kulirekebisha. Alipofungua mdomo, Kiswahili cha Dubai hakikuwemo tena. Lilitoka neno moja tu la Kisukuma, neno ambalo Katoro haikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Mayu," alisema. Mama.

Umati uligeuka, ukamtazama mwenye duka, kisha muuza dagaa. Paji la uso lilikuwa lile lile. Na kidevu.

"Nimekuja na dagaa kutoka Nkome," mama yule alisema, na sauti nene ilikuwa imepasuka katikati. "Nilitaka nikusalimie, nikushukuru kwa vichupa na taa ulivyoniletea Pasaka, vile vya jani la kijani. Kila mtu kule mwaloni tunakoanika dagaa ananiuliza mikono imekuwaje. Miezi yote hii, Violeth, nimewaambia ni chumvi ya dagaa."